Kila mtu ananiita Nalongo, na mimi sikuzaa pacha

Mama Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Walukuba hapa Jinja, katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi. Nauza mukene, dagaa wa huku kwetu. Alfajiri nashuka mwaloni Masese, nanunua, naanika, jioni napanga mafungu kando ya barabara. Mume wangu yuko kiwandani, mara nyingi zamu ya usiku. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu: yeye Msoga, mimi nimetoka Tororo, na Walukuba ukikaa miaka kumi hata paka wako anaelewa Kiswahili.

Mtoto wa kwanza ni mvulana, ana miaka 12. Kisha nina wasichana wawili, wote wana miaka 7, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Mmoja nilimzaa. Mwenzake amezaliwa miezi mitano baadaye.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nafanya kibarua cha kufua katika nyumba moja inayolea watoto wachanga, binti yangu mgongoni. Polisi wakaleta kichanga cha siku chache kilichokutwa kimefungwa kwenye leso, na hakuna aliyekuja kukidai. Kilikataa chupa. Tulipimwa sote, nesi akanikabidhi, nikampa ziwa la kushoto kwa sababu la kulia lilikuwa na mwenyewe. Kibarua kilipoisha sikuweza tena kurudi nyumbani na mtoto mmoja. Afisa wa probesheni alikuja akakagua vyumba vyetu viwili, mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, akaandika barua, tukamlea zaidi ya mwaka chini ya macho yao, ndipo Hakimu Mkuu akatupa amri ya kumwasili. Karatasi iko ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, nimeifunga kwa nailoni. Wasichana wenyewe wanajua. Hatukuwaficha.

Shida imekuja na shule. Sasa wako darasa la pili, sare moja, urefu mmoja, wanashikana mikono njia nzima. Mmoja ni maji ya kunde, ana mashavu kama yangu. Mwingine ni mweusi wa kung'aa, shingo ndefu, miguu kama ya korongo. Watu wakiwaona tu: "Nalongo!" yaani mama wa pacha. Wa upande wa mume wangu wanasema Nabirye. Makonda, wauza nyanya, hata mlinzi wa duka. "Yupi Babirye, yupi Nakato?" Mwanzoni nilikuwa nacheka napita. Kisha bibi mmoja sokoni akanisimamisha, akapiga vigelegele, akanipa chane mbili za matoke, eti mama wa pacha hapitwi hivi hivi. Nikapokea, Mama Mkubwa. Nikapiga magoti nikashukuru, na watoto wananitazama.

Tangu siku hiyo wanagombania nani Babirye, pacha aliyetangulia, nani Nakato anayemfuata. Yule mdogo amemwambia rafiki yake kwamba alizaliwa dakika tano baada ya mwenzake. Miezi mitano ameigeuza dakika.

Wanaotazama vizuri ndio wabaya zaidi. "Pacha gani hawa? Baba ni mmoja kweli?" Na kicheko. Mwingine aliniuliza wazungu wananilipa shilingi ngapi kwa mwezi kwa ajili ya huyu mweusi. Mwezi uliopita tulikuwa tunakwenda Kampala kumwona dada yangu. Teksi imesimama Namawojjolo, vijana wamejaza madirisha vijiti vya kuku na gonja, mama mmoja wa kiti cha nyuma akanigusa bega. "Huyu ni wako wa kumzaa? Ni wa Sudan? Mama yake alikufa?" Sijafungua mdomo, akaongeza, "Mungu akubariki. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Abiria wote kimya, wanangoja. Nikasema, "Ni hadithi ndefu." Usiku, taa imezimwa, mtoto akaniuliza, "Mama, hadithi gani?" Nikajifanya nimelala.

Shuleni nako, mwalimu mpya alikuwa anaandika tarehe za kuzaliwa. Akasema mbele ya darasa kwamba mmoja wao anadanganya, hakuna mama anayezaa kila miezi mitano. Binti yangu niliyemzaa akasimama kumtetea dada yake: "Hatudanganyi, mwalimu. Yeye aliokotwa." Sasa wenzao wanamwita Kaokotwa. Uji wa saa nne anarudi nao kwenye chupa kama ulivyokwenda.

Na kaka yao, waendesha boda wa steji yetu wanamtania kila akipita. Alikuwa anapigana. Sasa amebadilika, anatembea mbele hatua ishirini, na juzi nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Mimi si ndugu yao."

Jirani yangu, bibi wa Kinubi, ananiambia nisijisumbue: wamenyonya ziwa moja, ni ndugu, maneno yamekwisha. Mume wangu anasema sema ni pacha, nani atakuja kupima? Mchungaji wetu anasema nisimame niseme ukweli wote popote nikiulizwa, ni ushuhuda, wengine watajifunza. Mimi nimjibu nani, na nimjibu nini?

Mama wa Walukuba

*

Marahaba, mwanangu.

Naanzia pale ulipojifanya umelala, maana mengine yote yanatokea hapo. Yule mama wa teksi alishuka Kampala na mizigo yake, na sasa hivi hata sura yako haikumbuki. Mtoto bado anaingoja hiyo hadithi ndefu. Anapiga hesabu zake mwenyewe: kama ni ndefu na mama hataki kuisema, basi ina jambo baya, na jambo baya lenyewe ni mimi. Muulizaji alikuwa mmoja, lakini waliokuwa wanasikiliza kwa makini ni wasichana wako. Jibu lako ni mali yao. Yule wa kiti cha nyuma anapata tu masalio.

Nasema haya nikiwa mkosaji. Zamani kidogo, kwenye teksi ya Mbale, nilimuuliza mama mmoja kijana aliyempakata mtoto mwenye ualbino, "Huyu ni wako?" Nia yangu ilikuwa njema, kama ya kila mtu. Mtoto alikuwa anamenya chungwa. Akasimamisha vidole. Hakunitazama mimi, alimtazama mama yake usoni, akangoja. Yule mama akasema, "Ni wangu. Maganda usiyatupe chini, weka humu," na ile nusu ya pili alikuwa anamwambia mtoto huku akifungua mfuko. Mtoto akaendelea kumenya. Mimi nikabaki na umbea wangu hadi Tororo. Hakunitukana, hakunieleza, wala hakunyanyua sauti. Jibu lake lilikuwa na maneno mawili, kisha maisha yakaendelea na maganda ya machungwa. Sijapata kusikia jibu bora kuliko hilo, na sikulisoma kitabuni.

Kwa nini tunaulizana hivi? Si wote ni wabaya. Huku kwetu salamu yenyewe ni mahojiano. Jina la Mganda au la Msoga likitajwa, mwenyeji anajua ukoo, akijua ukoo anajua kama mnaweza kuoana, na hata fomu ya kitambulisho cha taifa inadai kabila na ukoo. Kulea hatukushangai. Ukimwi ulipoonekana Kasensero kule Rakai mwaka 1982 na kuenea, miaka iliyofuata ilikuwa ni nadra kupata nyumba isiyo na yatima mkekani. Nyumbani kwangu walikuwa wanne. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu jibu lilikuwa tayari: mtoto wa marehemu kaka, mtoto wa binamu. Kinachotushinda ni mtoto asiye na uzi unaomfunga kwa mtu tunayemjua. Hapo tunakuwa kama kuku aliyeona kipande cha kioo, lazima tudonoe.

Na hilo la pesa za wazungu nalo lina mizizi. Kuna watoto wa Uganda waliotolewa nchini kwa amri za ulezi, wengine wazazi wao wamedanganywa, na Agosti 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa hapa, wakili mmoja na mumewe kwa tuhuma za biashara hiyo. Bunge letu lilikuwa limekwisha kubana sheria tangu 2016. Watu wamesikia nusu ya habari redioni, wanaibandika kwa kila mama mwenye mtoto asiyefanana naye. Hiyo haiwapi ruhusa ya kukuuliza mbele ya mtoto analipiwa ngapi. Huyo mwambie, "Anayemlipia ni mukene," umpimie fungu lake, umchukulie hela yake.

Sasa hili la Nalongo, na hapa nampinga mumeo, ingawa namwelewa: mtu ametoka zamu ya usiku anataka amani. Uongo wa pacha ni mtamu siku ya kwanza, halafu unaanza kuzaa. Unalongo si jina la utani. Una ngoma zake, una masharti, una majina ambayo mtoto hupewa kwa kuwa alitoka tumboni na mwenzake. Ukipata mimba kesho, mtoto huyo watamwita Kizza, anayefuata pacha, na uongo utakuwa umeingia kwenye jina la mtoto wa nne ambaye hakuuliza kitu. Kubwa zaidi ni zile dakika tano. Binti yako ameona kwamba mama alipopigiwa vigelegele alikubali kitu ambacho si kweli, akajifunza kwamba ile kweli yake ndiyo haipigiwi vigelegele. Ndiyo maana ameifupisha.

Lakini sikutumi uende ukamkimbilie kila konda kumsahihisha. Konda akipiga kelele "Nalongo, ingia, kiti kimoja!" ingia ukae. Huyo anatafuta nauli. Kumwacha mtu na kosa lake ni jambo moja, na kulitilia sahihi ni jambo lingine. Akisimama mtu akauliza uso kwa uso, na watoto wapo, sema, "Si pacha, ni dada wawili." Maneno hayo ni ya kweli na hayamfichui mtu. Matoke usiyarudishe, yameshaliwa na yalikuwa ya watoto. Ukikutana tena na yule bibi mpigie magoti vile vile umwambie, "Mama, siku ile ulifurahi nikashindwa kukwambia, hawa si pacha, ni dada." Anaweza kuuliza mbona umri mmoja. Mwambie, "Mungu alinipa wawili kwa mwaka mmoja," umuulize hali ya magoti yake. Mtu mzima akiulizwa magoti yake, mwanangu, utakaa hapo hadi adhuhuri na hatakukumbusha habari ya watoto.

Usidhani natania. Sisi watu wa salamu ndefu tuna silaha ambayo wengine hawana. Huwezi kumwambia mzee "haikuhusu" na ukaishi vizuri Walukuba. Lakini unaweza kumjibu maneno mawili na papo hapo ukaanza kumsalimia upya: nyumbani hawajambo, mvua huko imenyesha, mahindi yamefikia wapi? Adabu imetimia, na mlango umefungwa. Anayeuliza "baba ni mmoja?" mwambie, "Mmoja, yupo nyumbani anangoja chakula," kwani ndivyo ilivyo, wana baba mmoja, kwa sheria na kwa sahani. Anayeuliza "ni wa Sudan?" jibu ni "Ni wa Walukuba." Na ujue kwamba hata kisheria humdanganyi. Ibara ya 11 ya Katiba inasema mtoto asiyezidi miaka mitano akikutwa Uganda na wazazi wake hawajulikani, anahesabiwa raia wa kuzaliwa. Ile karatasi ya sandukuni nayo inamfanya mtoto wako kama uliyemzaa, hadi kwenye urithi. Toa nakala mbili, moja ikae mbali na nyumba. Nailoni haizuii moto.

Mchungaji wako nampinga pia, kwa heshima zote. Ukweli wote ni wa nani? Ile leso, ile polisi, yule mama ambaye hatujui alilia kiasi gani siku hiyo, hayo si maisha yako wewe. Ni ya binti yako. Wewe umewekewa amana, kama mtu aliyewekewa mbuzi wa jirani. Huwezi kumchinja kwa sababu wageni wana njaa. Akifika miaka ishirini akataka kusimama kanisani atoe ushuhuda, atasimama. Leo ana miaka saba, na kila unayemsimulia anaondoka na kipande ambacho huwezi kumnyang'anya tena. Watakaokuja kumsimulia maisha yake kabla hajayasikia vizuri kwako ni wengi.

Basi leo usiku mwambie. Usingoje akuulize mara ya pili, labda hatauliza. Mwambie kwamba siku ile ulisema hadithi ndefu kwa sababu ulishtuka, na kwamba kusema kweli ni fupi: yuko mama aliyekuzaa, hatumjui, hakuweza kukulea, ulifika pale nilipokuwa nafua, ukakataa chupa, ukakubali ziwa langu, nami nikakukubali. Mpe na habari ya ziwa la kushoto, hiyo ataipenda. Kama binti yako mwingine yuko macho kitanda kile kile, na lazima yupo, naye asikie.

Kwa sababu huyo naye ana kidonda chake. Alisimama darasani kumtetea dada yake kwa silaha pekee aliyokuwa nayo, na silaha ikamkata dada. Usimgombeze. Jiulize neno lile alilitoa wapi. Mtoto wa miaka saba haokoti "kuokotwa" barabarani, amelisikia nyumbani, kwako au kwa baba au kwa mashangazi wakipiga soga. Kwa Kiswahili chetu kinachookotwa ni kuni, ni shilingi, ni chupa tupu. Lifukuzeni neno hilo nyumbani kwenu kuanzia leo. Alikuja kwetu. Tulimpokea. Na dada mtu mfundishe kwamba "ni dada yangu" ni sentensi iliyokamilika. Akiulizwa zaidi: "Hiyo ni habari ya nyumbani, muulize mama."

Wafanyie mazoezi, lakini kwa mchezo. Panga viti na ndoo kama teksi, kaka awe konda, wewe uwe yule mama mbeya wa kiti cha nyuma, na ujitahidi kuwa mbeya kweli kweli. "Ninyi pacha? Mbona huyu hivi, huyu vile?" Waache wajaribu majibu, hata ya kijinga. Watacheka hadi walie. Kisha muulize yule mdogo, wewe ungetaka watu wajue nini? Anaweza kusema hakuna. Anaweza kusema nataka wajue. Leo atasema hivi, mwakani vile, fuata la sasa.

Shuleni usiende na hasira, nenda na mumeo, tena kwa mwalimu mkuu. Huyo mwalimu mpya pengine alidhani anakamata uongo wa watoto, lakini alilifanyia darasani jambo la ofisini. Peleka nakala ya amri ikae kwenye faili la mkuu. Ombeni tarehe za wasichana wenu zisisomwe tena mbele ya watu, na hilo jina la Kaokotwa likomeshwe na mwalimu mwenyewe, kwa kuwa ni yeye aliyelifungulia mlango. Kama shule ina mikondo miwili, wasichana waulizwe kama wangependa kutengana. Msiwatenganishe kama adhabu. Na ule uji, usimlazimishe. Fuatilia chupa kwa wiki mbili. Ikirudi nyepesi utajua.

Kuna wenye haki ya kuuliza, msiwachanganye na wambeya. Daktari ni mmoja. Huku kwetu anaweza kuuliza kama kuna selimundu katika familia, na ana sababu: watoto wachanga karibu 100,000 walipimwa damu nchini, matokeo yakachapishwa 2016, na kama 13 katika kila 100 walikuwa wamebeba chembe hiyo ya urithi. Kwa mdogo usibahatishe kwa ukoo wako wala wa mumeo. Sema, "Historia ya damu yake hatuijui, naomba apimwe," na umwombe daktari mzungumze pembeni. Mwingine ni afisa wa mpakani. Siku mkivuka Busia au Malaba beba nakala, onyesha, pita. Hao wana kazi yao na fomu yao. Mwenye kuku mkononi pale Namawojjolo hana fomu.

Jirani yako Mnubi nimempenda bila kumwona. Anachosema kwake si maneno ya kufariji tu, ni sheria. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanaifuata, mtoto aliyenyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili ni mtoto wa aliyemnyonyesha, na watoto wa mama huyo ni ndugu zake, hawaoani. Wewe si Mwislamu, lakini kwa majirani wanaokijua kisa tayari, "wamenyonya ziwa moja" litaeleweka mtaa mzima bila tafsiri. Kwa wasiokijua usilitumie, litafungua maswali mapya kumi. Mwombe huyo bibi akae na wasichana jioni moja awaambie yeye mwenyewe. Kuna mambo yanamwingia mtoto vizuri zaidi yakitoka kwa mtu asiye mama yake.

Nimemweka kaka mwisho na nadhani ndiye aliyechoka kuliko wote. Miaka 12, ndevu bado, tayari amefanywa msemaji wa familia na kundi la wanaume waliokalia pikipiki. Aliposema "mimi si ndugu yao" alikuwa anatua mzigo, na mzigo haukuwa wasichana, ulikuwa maswali. Usimhubirie undugu. Mwambie kwamba si kazi yake kujibu, si kazi yake kupigana, na akitaka kutembea hatua ishirini mbele atembee, mradi asipotee machoni. Kisha mumeo, ambaye anasema nani atakuja kupima, apewe kazi hii. Kila steji ya boda ina mwenyekiti wake. Aende asubuhi akitoka zamu, na sare yake ya kiwanda, amsalimie mwenyekiti, amwambie kwa sauti ya chini kwamba vijana wake wanamsumbua mtoto wake wa kiume na inatosha. Aende mwenyewe, asitume mtu. Na mtoto asiambiwe kwamba baba alikwenda. Atajionea steji ikinyamaza.

Kuna siku utashindwa, na nisikudanganye kuhusu hilo. Beseni la mukene kichwani, mvua inakuja, mtu kakusimamisha, "Nalongo, hawa wamezaliwa saa ngapi?" na utasema "asubuhi" ili upite tu. Mkifika nyumbani, ukishatua beseni, waambie wasichana, "Pale nilichoka nikasema uongo." Watakuuliza mukene imelowa au haikulowa.